Ndoto Iliyomtuma Alida kwa Jirani

Alida alikuwa fundi cherehani mtaa wa Rwezamenyo, Kigali. Oktoba 1990, siku chache baada ya vita kuanza mpakani, askari walimchukua mumewe, Salvator. Kosa lake lilikuwa kukulia ukimbizini Burundi. Wakasema anawasaidia wapiganaji waliovuka mpaka. Mtaa mzima ulijua aliyemtaja ni jirani yao Conrad.

Tangu hapo Alida hakutulia. Alishona mikono ikienda mbele ya akili, akafumua, akashona tena. Gari likisimama barabarani, alikuwa tayari mlangoni.

Kisha ikaja ndoto. Alimwona Mukamana, mke wa Conrad, amelala mkekani. Akamwambia, "Alida, nina kiu." Basi. Aliamka na hasira. Alikuwa akimwomba Mungu habari za mumewe, akaletewa mke wa Conrad! Lakini ndoto ilirudi, na ikarudi tena.

Mwanamke mmoja wa kundi lake la sala, alipoisikia ndoto hiyo, akamwambia ni ishara kwamba Salvator amekufa, avae nguo za msiba. Alida akatoka pale, akaenda moja kwa moja kwa Padri Léonce.

Padri alimsikiliza mpaka mwisho. "Yosefu, mume wa Maria, aliota, akaamka, akafanya alichoambiwa," alisema. "Wewe umeambiwa nini?"

"Sijaambiwa kitu, Padri. Mtu ana kiu tu."

"Je, kuna mahali Injili inakukataza kumpa maji?"

"Hakuna."

"Basi unaogopa nini?"

"Naogopa isije ikawa kweli imetoka kwa Mungu."

Padri hakucheka. Alimwambia asali, na asivae nguo za msiba kwa ndoto ya mtu yeyote.

Siku kadhaa Alida alizunguka na lile jambo. Mara mbili alifika kwenye kona akageuka. Mwishowe, mchana mmoja, alijaza dumu bombani akabisha kwa Conrad. Alimkuta Mukamana mjamzito, homa kali, midomo imekauka. Wanawake wa mtaa walikuwa wamemsusa kwa ajili ya mumewe, na mumewe hashindi nyumbani.

"Umekuja kunitukana?" Mukamana aliuliza.

"Nimeleta maji."

Alimnywesha, akampikia uji, akaondoka. Kesho yake alirudi. Conrad alipishana naye mlangoni, akatazama chini. Alida alitamani kumrushia lile dumu kichwani. Moyo wake haukupata amani aliyoitarajia. Ila ile ndoto haikumjia tena.

Mwaka uliofuata Salvator alifunguliwa, amekonda, hawezi kuinua mkono wa kushoto. Alipoambiwa mkewe alikuwa akipeleka maji wapi, aliweka sahani chini.

"Kwa Conrad?"

"Mungu alinionyesha, baba."

"Na mimi hakuniuliza?"

Alida akaiondoa ile sahani. Wiki nzima walisemeshana mambo ya chumvi na sabuni tu.

Kisha Conrad akaamua kuhamishia familia yake mtaa mwingine, Gatsata. Asubuhi ya kuhama, Mukamana alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya Salvator.

"Mume wangu ndiye aliyekutaja," alisema. "Mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

"Najua. Nilikuona dirishani waliponichukua."

Salvator alitoka kwenda uani. Alida alidhani amekwenda zake, akaanza kumwomba Mukamana radhi. Lakini Salvator alirudi na kigoda, akakiweka kwa mkono wake mzima.

"Kaa, mama. Mtoto ni mzito."

Mukamana alikaa, akalia. Salvator alibaki amesimama, hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe. Nje lori lilipiga honi, na Conrad akaita jina la mkewe. Salvator alipoisikia sauti ile, uso ulimbadilika. Akamtazama Alida.

"Nimwite ndani?" aliuliza.

Alida alitamani angekuwa ameoteshwa la kujibu.

"Sijui," alisema. "Tusali kwanza."

Waliposema amina, lori lilikuwa bado linangoja. Salvator akaenda mlangoni kumwita Conrad.