Fundo la Mwani Msituni Mlola

Tangu utoto nilikuwa naingia msitu wa Mlola kutafuta kuni, na sikuwahi kufikiri kuwa ni mahali pa kwenda kutembea. Ulipoingizwa kwenye hifadhi ya bahari ya kisiwa chetu, pamoja na maji tunayolimia mwani, tukaacha kuingia ovyo. Ndipo mwaka mmoja kikundi chetu cha akina mama wa mwani kikaalikwa kwenda kutazama wanyama wa kwetu wenyewe. Tulivaa kanga mpya. Mimi nilivaa na viatu, nikajuta kabla hatujaifikia miti mikubwa.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza alikuwa kijana wa bara, mpole. Alituomba tunyamaze. Akina mama kumi na mmoja, tunyamaze! Hata hivyo tuliwaona kima, na mwenyekiti wetu akamnyooshea mmoja kidole.

"Huyu ndiye anayemaliza mapapai yangu. Mnamwona anavyonikwepa macho?"

Askari naye alicheka.

Mbele kidogo tukasikia kitu kinapiga majani. Alikuwa paa, wale wadogo wasiomzidi mbuzi mchanga, amenaswa mguu wa nyuma. Askari alimkumbatia, akapapasa kiunoni kutafuta kisu, kumbe kakiacha garini. Paa akalia kama mtoto. Sikufikiri. Niliinama kwenye mche uliofungiwa kamba, nikavuta ncha moja, fundo likaachia. Kamba ikalegea, askari akalivua tanzi, paa akaruka akapotea.

"Mama, umejuaje?" askari akauliza.

"Fundo la mwani hilo. Kila mwanamke hapa analijua."

Ilikuwa kweli. Mwani tunaufunga kwa taitai, zile kamba nyembamba, kwa fundo la kuvutwa mara moja wakati wa kuvuna. Lakini sikusema yote. Kamba ile ilikuwa taitai tatu zilizosokotwa pamoja, ncha zake zimechomwa moto zisichanuke. Kijijini kwetu sijamwona mwingine anayezichoma hivyo isipokuwa mdogo wangu wa kiume, anayenisaidia kufunga mwani. Sisemi haiwezekani awepo mwingine. Nasema sijamwona.

Askari aliigeuzageuza kamba, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Basi mtego huu umetoka kwenye kikundi chenu. Itabidi niandike. Na yale maombi yenu ya kuongezewa eneo la mwani yatasubiri kwanza."

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, "mwanamke gani atakimbizana na paa kwa mgongo huu?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Tukarudi njia ileile. Askari simlaumu, alifuata alichokiona. Ndugu yangu naye alikuwa na lake: paa walimaliza kunde zake, na aliposhtaki aliambiwa avumilie. Wenzangu ndio hawakuwa na kosa lolote. Eneo tulilokuwa nalo halikututosha, wengine tulikuwa tunalima kwa zamu. Nyuma yangu nilimsikia mmoja akinong'ona, "Aliyelifungua ndiye anayelijua," na mwingine akamjibu, "Nyamaza shoga, anasikia."

Tulipofika garini nikamwambia askari, mbele ya wote, kwamba kamba ile inafanana na za nyumbani kwangu, na anayezisokota vile ni ndugu yangu. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninadhani. Akaliandika jina.

Kesho yake asubuhi ndugu yangu alikuja, wito mkononi. Hakukana.

"Dada, ungekuja kwangu kwanza. Ningekwenda mwenyewe."

"Sikuwa na nafasi."

"Kutoka msituni mpaka kwangu?"

Nyumba yake iko njiani. Gari lilipita mbele ya mlango wake. Ningeweza kuomba tusimame. Nilisema pale garini kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama, na sijui kama hiyo ni haki au ni woga tu.

Eneo tuliongezewa. Yeye alisimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji, akaonywa, na tangu hapo mwani naufunga peke yangu. Labda kweli angekwenda mwenyewe. Labda asingekwenda, na sisi tungeendelea kusubiri. Sitajua, maana sikumpa hata muda wa kutoka mlangoni.