Kigoda cha Kushukia Mkekani

Siku ya arobaini ya mke wangu Mwanne nilikaa kwenye kiti. Watu wote walikuwa chini, kwenye mikeka aliyoisuka yeye mwenyewe. Mimi peke yangu nimewekwa juu kama bwana harusi. Mgongo haukutaka kukunjika. Kushuka ningeshuka. Kuinuka ndiyo ingekuwa kazi ya watu wanne.

Ezekia akaniona. Huyu ni Mgogo anayekaa mtaa wa Chemchem, mstaafu wa reli, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Na mtani msibani hana breki. Alivuta kiti kingine, akakiweka mbele yangu, akakaa ameshika kiuno na kununa kama mimi.

"Msinishangae," akawaambia watu. "Mimi ndiye mfalme wa mtaa huu wa Ng'ambo. Mkeka ni wa maskini."

Watu wakacheka mpaka mwalimu wa madrasa akajifunika mdomo kwa mkono wa kanzu. Mimi pia nilicheka. Kucheka kukanichoma mgongo, nikakunja uso. Ezekia akakunja wake vilevile. Wakacheka upya.

Walipoondoka niliukunja mkeka mwekundu, wa mwisho alioumaliza Mwanne. Nikasema moyoni: hitma ya mwaka nitakaa hapa. Sikumwambia mtu.

Naitwa Mabruki. Ni seremala. Shule sikwenda, kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, Mwanne akiwa amekaa mbele yangu akijibu maswali yote. Vitanda vya nusu ya mtaa nimevitengeneza mimi. Mgongo ulinianza miaka kumi na miwili iliyopita. Nimepaka dawa za kuchua mpaka paka akahama nyumba. Nimekunywa mizizi. Nimepigwa picha za mgongo hospitali mara mbili.

Binti yangu Asmahani akasikia kuna watafiti hospitali, wanakusanya watu wenye maumivu yasiyoisha, kila Jumanne.

"Baba, twende."

"Mimi siumwi kiasi hicho."

"Baba, unavaa viatu kwa mwiko wa ugali."

Tukaenda.

Aliyetupokea ni Julieth, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye sauti ya mkuu wa shule. Nilikaa kwenye benchi. Kutazama pembeni, Ezekia.

"Umefuata nini?" nikamuuliza.

"Nimesindikiza magoti yangu. Na wewe?"

"Nimepita tu."

Julieth akatuamkia, akafungua karatasi zake. "Babu zangu, sifuri ni hakuna maumivu kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote. Babu Mabruki, leo ni ngapi?"

Ezekia alikuwa ametega sikio. Nikasema, "Mbili."

"Babu Ezekia?"

"Moja."

"Nimekosea," nikasema. "Mimi nusu."

Julieth akaweka kalamu chini. "Walio chini ya nne hatuwaandiki kwenye utafiti. Asanteni, mnaweza kwenda."

Tukataka kuinuka. Nikashika benchi, mgongo ukakataa. Ezekia akashika bega langu, magoti yakakataa. Tukabaki tumeng'ang'aniana kama walevi, nusu na moja.

"Naona," akasema Julieth. "Haya, tuanze tena. Mmoja aseme, mwingine azibe masikio."

Ezekia akaziba, ila vidole vyake vilikuwa na upenyo mkubwa. Nikasema, "Saba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja. Mwanne hakuhitaji kuambiwa. Alijua kwa sauti ya randa. Ikianza kukwaruza, alileta chai bila neno, na mimi nilitua randa ninywe.

Ezekia hakucheka. Alisema, "Yangu nane," halafu akaongeza, "Nimekushinda."

Julieth alitupa madaftari tuandike maumivu ya kila siku na kazi tulizofanya. Daftari langu lilipotea siku ya pili kwenye maranda. Basi nikatumia ubao. Penseli ya useremala, mstari kwa kila siku, nukta kwa maumivu, na alama ya msumeno siku niliyofanya kazi. Baada ya wiki sita niliubeba begani kwenda hospitali. Mlinzi getini akanizuia.

"Mzee, majeneza yanapitia mlango wa nyuma."

"Si jeneza. Ni daftari."

Alinitazama sana, kisha akanifungulia.

Julieth aliutandika ubao mezani, akawaita wenzake wawili. Wakaupiga picha. Akapitisha kidole. "Tazama, babu. Hapa nukta mbili, na alama za msumeno zimejaa. Halafu siku tatu za nukta nane, msumeno hakuna. Kisha tena vilevile. Siku ukijisikia vizuri unafanya nini?"

"Nafidia."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nishindwe. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Mnyamwezi hatui mzigo."

Ezekia, kwenye benchi la pembeni, akaruka kwa maneno, kwa miguu hawezi. "Hatui? Alitua kwetu Ugogo! Kila siku, jua halijawa kali, anatua, anakula, analala, na hongo, ushuru wa njia, anatulipa ndipo apite! Wangebeba bila kutua, Ugogo yote leo ingekuwa makaburi ya Wanyamwezi, sisi tungelima wapi?"

"Hilo hasa ndilo somo la leo," akasema Julieth. "Mpagazi alitua kambini. Hakungoja aanguke."

Akanipangia: randa robo saa, kutua. Niwe nimechoka au sijachoka, kutua. Nilikumbuka chai ya Mwanne. Yule mwanamke alikuwa amefanya utafiti wake zamani, bila karatasi.

Nikamuuliza Julieth kuhusu picha zangu. Akasema, "Ni mgongo wa mzee, babu. Wako wenye picha mbaya kuliko yako na wanalima."

"Basi naumwa nini?"

"Mzinga ukichokozwa asubuhi, nyuki wanamuuma nani jioni?"

"Yeyote anayepita."

"Mwili wako ndio huo mzinga. Aliyechokoza ameondoka siku nyingi, nyuki hawajatulia. Unaumwa kweli, si uongo. Lakini si kila uchungu ni dalili kwamba kitu kimevunjika. Tunawazoesha polepole."

Hilo nililielewa. Nikamwambia siri yangu ya mkeka, kwa sauti ndogo. Akasema nisishuke mara moja. Nishuke kidogo kidogo.

Nikatengeneza kigoda cha mninga, kirefu mpaka gotini. Kukaa, kuinuka, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Kila wiki mbili nakata miguu yake upana wa kidole kimoja. Ezekia alipita karakana kukagua.

"Jamani, Mnyamwezi njaa imemzidi. Anakula kiti."

Mwezi wa tano wa kukata kigoda niliamka mwepesi. Nukta moja. Nikasema, Julieth ni mtoto, ananichelewesha. Nikakata vidole vitatu kwa mkupuo. Nikakaa.

Nikakaa sana.

Ezekia alinikuta adhuhuri, niko palepale, nimeshika msumeno kama fimbo ya kutembelea.

"Mfalme, umeshuka kitini?"

"Niinue."

"Hapa ni Ugogo. Msafara haupiti bure. Hongo."

"Kuna asali kwenye rafu."

Akaionja kwanza. Ndipo akaniinua, magoti yake yakilia kuliko mimi. Siku nne nililala. Nilipoamka niligongomea vipande chini ya miguu ya kigoda, kurudisha vidole viwili. Julieth alipokiona kimevaa viatu hakunigombeza. Aliandika tu. Hiyo iliuma zaidi.

Kuanzia hapo nilikata kidole kimoja, kwa wakati wake. Kigoda kikawa kifupi kama mbuzi ya kukunia nazi, kisha kama kibao cha kukatia nyama. Nyuki hawakuhama. Siku nyingine nukta sita, siku nyingine tatu. Lakini randa haikukwaruza tena.

Hitma ya mwaka ikafika. Asmahani aliniwekea kiti, kama kawaida. Nikakiondoa. Nikatandika mkeka mwekundu, nikashika ukuta, nikashuka kama nilivyofundishwa, goti moja, goti la pili, kisha makalio. Mgongo ulisema sita. Nikauacha useme. Nilikaa na Mwanne mpaka dua ya mwisho.

Ezekia alikuwa pembeni yangu. Kwa kuogopa kushindwa na mimi, naye alikuwa ameshuka chini, bila kigoda, bila mazoezi ya siku hata moja.

Watu wakaanza kuinuka. Nikageuka ubavu, nikapiga magoti, nikashika ukuta, nikasimama. Peke yangu. Asmahani akajifanya anakusanya vikombe, lakini nilimwona akijifuta macho.

Chini kukasikika sauti.

"Mabruki."

"Naam."

"Ndugu yangu. Nipe mkono."

Nikautazama mkono wake. Nikautazama mkeka.

"Huu ni Unyamwezi," nikamwambia. "Umeleta nini?"