Semina ya Kuwatembelea Wanachuo

Sikiliza, rafiki, maana huenda kesho nawe utapewa chuo ukiongoze. Sisi wakuu wa vyuo vya ualimu hukutana kila mara kujinoa. Safari ile tulikutana Bukoba, na mada ilikuwa namna ya kumlea mwanachuo anapokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mada nzuri. Ila tuliiweka wakati huohuo wa mazoezi, wanachuo wakiwa shuleni wakitusubiri.

Asubuhi tuliigiza. Mimi nikawa mwanachuo, mkuu mwenzangu akaketi nyuma kama msimamizi.

"Mwalimu, mbona unaongea na ubao?" akanitania. "Sisi tuko huku!"

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Ngenge, Muleba.

"Waitu mkuu," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "binti yako wa mazoezi amefunga begi. Anasema ualimu basi. Watoto wa darasa la kwanza hawamwelewi, naye Kihaya hajui. Tangu aje hajamwona mtu wa chuoni."

Aliyepangiwa kuitembelea shule ile nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeahirisha safari ili semina iishe kwanza.

Nikaaga. Njia nzima nilitunga maelezo. Nilimkuta amekaa mlangoni pa nyumba ya walimu, begi pembeni.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Tulikuwa na semina."

"Mlikuwa mnajifunza nini?"

Maelezo yote yaliniishia. "Namna ya kuwatembelea ninyi."

Alicheka mpaka akafuta machozi, na sikuthubutu kuuliza kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Fundisha kipindi kimoja, nikae nyuma," nikamwambia. "Ukitaka kuondoka baada ya hapo, nitakusindikiza mwenyewe."

Darasani aliinua picha ya ndizi, akauliza ni nini. Watoto wakamkodolea macho tu.

"Waache waseme kwa lugha yao kwanza," nikamwambia taratibu.

"Ekitoke!" darasa zima likapiga kelele. Akalirudia neno lao vibaya, wakamcheka, wakamsahihisha, kisha wakamfuata vizuri kwa Kiswahili. Ni jambo dogo. Ningeweza kumwambia wiki ya kwanza.

Begi alilirudisha ndani. Mimi nilirudi Bukoba bila amani, nikiwawaza wale ambao hakuna aliyepiga simu kwa ajili yao.

Kwa hiyo ukialikwa semina, usijibu kwanza. Mpigie mwanachuo wako aliye mbali kuliko wote, muulize nani amemtembelea. Akisema hakuna, anza kwake.