Supu ya Kuku Niliyomnyima Mdogo Wangu

Juzi muuguzi wa zahanati alitukusanya wanawake akatueleza habari za nyama za ndege. Kuku, kanga, kwale, njiwa: zote, alisema, zinajenga mwili, ila ndege wa porini ni mkavu, hana mafuta kama kuku wa kufugwa, na mama aliyejifungua anahitaji nyama na mafuta pia. Wenzangu waliitikia. Mimi nilimkasirikia binti wa watu bure, kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa.

Vita na Wajerumani vilipokuwa vinaisha hapa Songea, askari walichoma maghala na mashamba, njaa ikaingia. Mdogo wangu alijifungua wakati huo, na mumewe hakuwa amerudi kutoka vitani. Nilibaki na kuku mmoja tu, tetea niliyemficha askari wasimwone. Nilimlisha mchwa, akanona kuliko sisi sote.

Siku ya tatu mdogo wangu akaniomba. "Dada, nichinjie huyo kuku. Maziwa hayatoki."

Kwetu mwanamke anayenyonyesha hali kuku wala yai. Marehemu mama aliushika mwiko huo maisha yake yote, nami, kwa ukaidi wangu, nikajifanya askari wake.

"Unataka mtoto aharibike?" nilimfokea. "Wazee watatuonaje?"

Ndege wa porini hawakuwa na mwiko, basi nikatega. Kwale alikuwa tonge moja na mifupa. Kanga alikuwa mkubwa, lakini njaa ilimkondesha naye. Unatafuna mpaka taya linauma, na mchuzi wake ni maji yaliyopita karibu na nyama. Mdogo wangu alikula vyote, akasifu mitego yangu. Nami nilijigamba! Sifa zile zinanichoma mpaka leo.

Mtoto alilia siku nyingi, kisha akanyamaza. Nilidhani ameshiba. Kesho yake asubuhi tukamkuta amekufa.

Wazee watatu walikuja kutuzikia. Sikuweza kuwaacha waondoke na njaa, nikamchinja yule tetea. Mafuta ya njano yalitanda juu ya mchuzi, nikayaona, nikaendelea kupakua. Firigisi nilimwekea mkubwa wao, kama inavyopasa.

Mdogo wangu akatoka ndani. Alichukua bakuli mkononi mwangu, akanywa mbele yao mpaka likakauka. Nilisubiri wamkemee. Nakiri, nilitaka wamkemee.

Mzee mkubwa akamsogezea bakuli lake.

"Kunywa na hili, mwanangu. Njaa kama hii, nani anaangalia mwiko? Ungesema mapema."

"Nilisema, baba," akajibu mdogo wangu, akainamia bakuli la pili.