Nusu Sahani ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja kwetu Jumapili moja mchana akiwa na begi dogo, mto wake mwenyewe wa kulalia, na karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka kuugua homa ya mapafu. Daktari aliandika kwamba amepona, ila arudishe mwili, na apimwe uzito kila baada ya wiki mbili. Siku hiyo alikuwa na kilo arobaini na tisa na gramu mia mbili. Niliinakili ile karatasi kabla sijaibandika kwenye friji.

Mimi ni msoma mita za maji. Napita nyumba hadi nyumba, nafunua kifuniko, nafuta kioo kwa kitambaa na kuandika tarakimu. Baada ya miaka kumi na tisa mkono umezoea kuandika hata pasipo mita, na nyumbani nina daftari la chakula cha jioni. Nililianza wakati mke wangu, ambaye ni mkunga, alipohamishiwa zamu ya mchana: anaingia saa nane, anatoka saa mbili usiku, na kufika nyumbani saa mbili na nusu. Mimi natoka kazini saa kumi na moja. Hivyo jiko likawa langu, Jumatatu hadi Ijumaa; Jumamosi na Jumapili hana zamu, anapika yeye. Hata Jumanne, siku yake ya mapumziko katikati ya wiki, napika mimi, kwa sababu Jumanne yeye hulala mchana kutwa na kuamka wakati sahani zinawekwa mezani.

Ukitoka kazini saa kumi na moja na unataka watu wale saa moja, huwezi kufika jikoni ndipo uanze kujiuliza utapika nini. Jumapili nachemsha maharage ya mara mbili na kuyagawa kwenye mabakuli. Nakata vitunguu vya siku tatu. Naandika kwenye karatasi: Jumatatu wali na maharage, Jumanne mayai na viazi, Jumatano samaki, Alhamisi maharage yaliyobaki na kabeji, Ijumaa tambi na nyama ya kusaga. Mchele napima kwa kikombe, nusu kikombe kwa kila mtu, viazi navihesabu. Sufuria ikitoka jikoni inakuwa tupu, na naiosha palepale. Kiporo sikipendi tangu shule ya bweni, tulikokuwa tukilishwa maharage ya jana yakiitwa ya leo.

Binti yetu, aliye kidato cha pili, husema, "Baba hapiki. Baba anatoa mgao."

Chakula cha mama yake nakipakua kwanza kabisa, moto moto, nakitia kwenye hotpoti na kuiweka juu ya kabati, ndani kabisa karibu na ukuta. Ni kwa sababu ya paka wa jirani, ambaye dirisha la jikoni amelifanya mlango wake.

Jumatatu ya kwanza mama mkwe alikula nusu sahani. Aligawa wali katikati kwa kijiko, akala upande mmoja, akaufunika upande wa pili kwa sahani nyingine na kuupeleka mwenyewe jikoni.

"Mama, ongeza kidogo," nilimwambia.

"Nimeshiba, baba. Hicho kitaliwa tu."

Mama mkwe hanijibu zaidi ya hapo, wala mimi simbani zaidi ya hapo. Tunaheshimiana. Saa mbili kasoro anameza dawa, anaaga na kwenda kulala. Nikaandika kwenye daftari: Jumatatu, nusu. Jumatano, nusu. Alhamisi, nusu. Hicho kilichofunikwa nilikimimina kwenye bakuli la mbwa wa jirani kwenye ua, kwa kuwa niliona ni makombo, na kuosha sahani.

Ijumaa ya wiki ya pili tulimpeleka kliniki. Kilo arobaini na nane na gramu mia moja.

Jioni ile alipiga simu shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza vipuri vya magari katika mji mwingine, mwendo wa saa nne. "Shemeji, mnamlisha nini mama? Hewa?"

"Anakula, shemeji. Ila anakula kidogo."

"Huyo mtu alikuwa akimaliza sinia. Sikiliza, sikugombezi. Tusubiri kliniki ijayo. Akishuka tena, nakuja na gari namchukua."

Kwa shemeji mume na mke wanatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Mama angeshinda peke yake na televisheni. Mke wangu hakuwa amekaa na mama yake nyumba moja tangu tuoane, na zile asubuhi mbili tatu walizokuwa wakikaa barazani, wakichambua mboga na kusema watu, alizihesabu kama zawadi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe ndiye unayekaa naye mezani." Maneno hayo yalinikaa kifuani usiku mzima.

Mita ikizunguka wakati mabomba yote yamefungwa, unajua kuna mahali maji yanavuja, na unaanza kutafuta kwa utaratibu. Nikaanza na meno. Jumatatu nilipika viazi vya kuponda na maharage yaliyolainika hadi yakawa uji. Mama mkwe akala nusu, akafunika nusu.

"Bibi, meno yanakuuma?" binti yetu aliuliza, kwa kuwa nilimtuma aulize.

"Meno yangu haya naweza kuguguna mfupa, mke mwenzangu. Muulize baba yako kwa nini ananilisha kama mtoto aliyeota jino moja."

Basi si meno. Nikarudi kwenye daftari na kulisoma mstari kwa mstari, na hapo nikaona jambo ambalo nilikuwa nimeliandika mwenyewe bila kulitazama. Jumanne ya kwanza: sahani tupu. Jumanne ya pili: sahani tupu. Jumamosi na Jumapili: tupu. Siku zote ambazo mke wangu alikuwa nyumbani.

Nikasema moyoni, basi hapendi mapishi yangu, anataka mkono wa mwanawe. Nilikaa na wazo hilo siku nzima nikiwa kazini, na nikiri kwamba siku hiyo niliandika tarakimu za nyumba moja kwenye mstari wa nyumba nyingine. Lakini jioni, ambayo ilikuwa Jumanne, nilipika mimi kama kawaida, mayai na viazi. Mke wangu alitoka chumbani na alama za mto shavuni, akakaa, akala. Mama mkwe akala sahani nzima na kufuta ukingo kwa kipande cha mkate. Si mkono basi. Mkono ulikuwa wangu.

Alhamisi ya wiki ile maji yalitakiwa kukatwa mtaani kwetu kutwa nzima, wabadilishe valvu kubwa. Tangazo hilo nililibandika mimi mwenyewe kwenye milango ya watu. Sikutaka kupika bila maji, kwa hiyo Jumatano niliacha samaki kwenye friza, nikatoa zile sufuria kubwa za shughuli na kupika wali na maharage ya siku mbili kwa mpigo mmoja. Kiporo kwa makusudi. Ilikuwa mara ya kwanza katika daftari lile.

Nikiwa nakoroga, mama mkwe alipita jikoni kuchukua maji ya kunywa. Akasimama. Akafunua sufuria ya wali, akatazama, akafunua ya maharage, akatazama. Akafunika taratibu, akaenda zake.

Mezani alikula sahani nzima. Kisha akasogeza sahani mbele yangu. "Baba, niongezee."

Binti yetu alinitazama. Mimi niliangalia kijiko changu.

"Leo umepika chakula cha watu," mama mkwe alisema.

"Na siku nyingine, mama?"

"Siku nyingine ulikuwa unapika hesabu."

Binti yetu alicheka hadi akakohoa. Mimi nikauliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, "Mama, ndiyo maana ulikuwa huli?"

Alipanga punje za wali kwa ncha ya kijiko. "Mwanangu anarudi usiku, amezalisha watu tangu mchana. Mimi naingia jikoni kila siku, nafunua sufuria, nakuta imekwanguliwa na imeoshwa. Sasa nijaze tumbo langu, mwenzangu aje alale na njaa? Nikawa namwachia nusu. Sikutaka kusema. Nyumba ni yako, kipimo ni chako. Mtu hafiki na mto wake kwapani akaanza kufundisha watu kupika."

Nilinyanyuka, nikavuta kiti hadi kwenye kabati, nikapanda na kuishusha hotpoti. Nikaifungua mbele yake. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke, na maharage pembeni.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha mwanao. Kila siku nakipakua kabla sijawaita mezani."

"Na kwa nini unakificha kama hirizi?"

"Paka, mama."

Aliitazama hotpoti, akanitazama mimi, nikiwa bado nimesimama juu ya kiti. Kisha akauliza lile swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Na ile nusu niliyokuwa nikifunika? Mwanangu hakuwa akiila?"

Nilishuka kwanza. "Nilijua ni makombo. Nilikuwa nampa mbwa wa jirani."

"Wiki mbili na nusu?"

"Wiki mbili na nusu, mama."

"Ndiyo maana," alisema. "Nilimwona juzi nikasema, mbwa huyu ananenepa, sijui kwao wanampa nini." Akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega. Sikuwahi kumsikia akicheka mbele yangu.

Asubuhi alimweleza mke wangu, naye aliniambia mambo ambayo miaka yote sikuwahi kuuliza. Baba yao alikuwa dereva wa lori. Alirudi saa yoyote, siku yoyote, na hakurudi peke yake hata mara moja. Alikuja na utingo wake, na mara nyingine na dereva mwingine aliyeharibikiwa njiani. Mama alikuwa akishona sare za shule nyumbani, watoto watano miguuni, na sufuria yake haikuoshwa kabla ya kulala. Ilikaa jikoni imefunikwa, na kitu chini. Mume alipofariki aliendelea kuiacha hivyo hivyo. Kwake sufuria iliyooshwa saa moja na nusu ilikuwa na maana moja tu, kwamba chakula kimewapungukia.

Nikabadilisha kipimo. Hotpoti niliiteremsha ikakaa mezani, machoni pa watu wote, na dirishani nikapigilia wavu kwa ajili ya paka. Na kwenye kila chungu niliongeza kikombe kimoja kisicho cha mtu. Kwenye daftari sikujua niiite nini safu hiyo mpya, mwishowe nikaandika "cha mlangoni". Kikibaki, tunakipasha asubuhi. Ninakula kiporo. Sijakipenda, ila nakula.

Mama mkwe naye hakuridhika mara moja. Siku mbili tatu alikuja kufunua sufuria kabla ya kukaa, kama mimi ninavyorudi kuangalia mita niliyoitilia shaka. Akikuta kitu chini, anakaa na kula. Kuanzia siku ya nne aliacha kufunua.

Kliniki ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kilo arobaini na nane na gramu mia tisa. Alikuwa amepanda, lakini alikuwa hajafika alipoanzia.

Saa moja jioni, tambi zikiwa mezani, gari liliingia uani. Shemeji hakuwa amepiga simu kwamba anakuja. Aliingia na funguo mkononi, akasalimia, akamtazama mama yake kwa makini kama anayekagua kipuri kilichorudishwa dukani.

"Nimeambiwa mia tisa," alisema. "Bado hajafika alipoanza, shemeji."

"Bado," nilikubali. Nilimwonyesha daftari, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumwonyesha. Alifungua kurasa mbili, akalifunga.

"Kwanza kaa ule," mama mkwe alimwambia. "Umeendesha saa nne."

"Sikutaka kuwasumbua, mama. Mmeshapakua."

"Hujamsumbua mtu." Alikuwa ameshanyanyuka. Alienda jikoni mwenyewe, tukasikia mfuniko wa sufuria, kijiko kikikwangua, na akarudi na sahani iliyojaa hadi ukingoni. Akaiweka mbele ya mwanawe. Kisha akakaa na kuvuta sahani yake.

Shemeji alikula. Alikula kama watu wa ukoo huo wanavyokula, bila kunyanyua kichwa. Mama alimaliza chake kabla yake.

"Kesho asubuhi tutaondoka saa ngapi, mama?" aliuliza mwishoni, akijifuta mdomo.

"Wewe ondoka saa utakayo. Mimi kesho tunachambua mboga na dada yako." Alielekeza kidole kwenye sahani tupu ya mwanawe. "Na kliniki ijayo njoo tena. Chako kitakuwepo."

Shemeji alinigeukia. "Shemeji, mlijuaje kama nakuja?"

"Hatukujua," binti yetu alimjibu. "Hicho ni cha mlangoni."

Nilikusanya sahani nne, zote tupu, na kuandika hivyo. Hotpoti ya mke wangu ilibaki mezani. Sufuria niliifunika na kuiacha bila kuiosha, ingawa shemeji alikuwa ameikausha na hakukuwa na kitu chini.