Mke wa Mtu Hatembei kwa Miguu

Kliniki waliniambia presha imepanda, uzito umezidi, na nikiendelea hivi siku moja nitaanguka nisiamke. Dawa ya kwanza haikuhitaji duka: nitembee. Nilicheka. Nimekulia Bugwema nikilima, nikichota maji na kubeba kuni, mwembamba kama fito, na hakuna aliyewahi kuniita mwanamichezo. Kuolewa mjini na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiko kulikonifundisha kukaa.

Basi nikaanza. Asubuhi navaa raba, natoka nyumbani Mwisenge hadi dukani kwa mume wangu, mtaa wa Nyakato. Siku ya kwanza tu, kijana wa bodaboda aliyezoea kunibeba alipunguza mwendo kando yangu.

"Mama, panda tu. Mambo yakikaa sawa utanilipa."

Jirani yangu, mwenye huruma zake za kusambaza mtaa mzima, aliniuliza kama duka limefilisika au mzee amepata mwingine. Nilipomwambia ni mazoezi, alinishika mkono kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba.

Nilipoanza kupungua ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Sketi zililegea, na watu wakajua ninaumwa nini bila hata kunipima. Habari zilifika Butiama kwa wakwe kabla sijapeleka nguo kwa fundi. Mama mkwe akaja na samli na unga wa muhogo. Mimi hakuniuliza kitu, alimkalisha mwanawe sebuleni.

"Huyu alikuwaga na mwili wake. Umemfanya nini? Kule nyumbani wanasema unamnyima chakula."

"Mama, ni daktari ndiye aliyesema nipungue," nilijaribu.

"Kwani daktari ndiye aliyetoa ng'ombe?"

Mume wangu, ambaye hajawahi kuninyima hata chumvi, aliinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Nilimwonea huruma sana. Kesho yake bodaboda ilinisubiri mlangoni, imelipiwa mwezi mzima. Nikapanda. Samli nayo nikaila, maana aliyeileta alikuwa amekaa mbele yangu akihesabu matonge.

Juzi daktari aliuliza kwa nini uzito umerudi na presha haishuki. Mume wangu aliwahi kujibu, kifua mbele.

"Daktari, kwangu huyu hajawahi kulala njaa."

Daktari akaniongezea kidonge kingine, akasema hali yangu inamtisha. Tulipotoka nje, mume wangu alimpigia mama yake simu, akamwambia nimenenepa. Nilimsikia mama mkwe akimshukuru Mungu.