Bi Kumi na Keki ya Tatu

Keki ya pili ilipotoka tanurini ikiwa nyeusi tii juu na mbichi katikati, Bi Kumi aliizika kwenye pipa la taka, akaifunika kwa maganda ya viazi, kisha akachungulia mlangoni kama mwizi. Hakuna aliyemwona. Ile ya kwanza, ya Alhamisi, alimsingizia muuza mkaa, maskini wa watu, akamsema mpaka akakosa pa kuweka uso. Hii ya leo angemsingizia nani?

Saa tatu asubuhi ilishapita. Saa saba gari lingekuja kuchukua keki ya harusi ya binti wa mdogo wake. Mayai yalibaki manane, na siagi ya keki moja tu. Na ni yeye mwenyewe aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba keki ya mtoto wao haitatoka dukani. Mdomo ule!

Jina la Bi Kumi alipewa na mtaa. Tanuri lake ni sanduku la bati, makaa chini, makaa juu, halina kishale wala taa. Akitaka kujua moto wake hutia mkono ndani na kuhesabu kwa sauti, taratibu, bila pupa. Ukishindwa kuvumilia kwenye tano, huo ni moto wa mkate. Ukifika kumi ndipo ukautoa mkono mbio, huo ndio moto wa keki. Miaka thelathini majirani wameisikia hesabu ile, na wameramba vidole.

Mke wa mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, alipoolewa alikuja na boksi la vifaa vya kuokea: mizani ndogo ya betri, vikombe vya kupimia vinavyoingia kimoja ndani ya kingine, chekeche la waya laini, na kipimajoto cha kutundika ndani ya tanuri. Bi Kumi alikishika kile kipimajoto kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, mimi naoka keki, siugui homa," alisema, na wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Binti wa watu akacheka nao. Boksi likarudi chumbani kwake, na tangu siku ile akiingia jikoni ni kuchota maji tu.

Sasa mkono ulikuwa umeanza uongo. Mwezi wa tatu ilikuja ganzi kwenye ncha za vidole, ikapanda mpaka kiganjani. Daktari alisema ni sukari, akamwandikia dawa na kumpa karatasi ya maelekezo, naye akaikunja karatasi na kuitia chini ya godoro. Hakumwambia mtu. Aliogopa, tena aliogopa sana. Kifo hakikumsumbua. Alichoogopa ni kukalishwa sebuleni na kuletewa chai, huku jiko lake likipata mwenyewe mwingine.

Basi akaanza keki ya tatu. Akapiga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zikawa nyeupe, akavunja mayai moja moja, akachekecha unga. Kazi hiyo macho yalimtosha. Akaumimina mchanganyiko kwenye chombo, akafungua tanuri, akatia mkono.

"Moja. Mbili. Tatu..."

Kumi ikapita. Kumi na tano nayo ikapita. "Bado baridi," alinong'ona, akaongeza makaa, akatia mkono tena. Uso ulimwambia kuna moto, mkono ulisema hakuna, na kwa ukaidi wake akauamini mkono. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ndipo harufu ya ngozi ikamfikia puani.

"Mama! Toa mkono!"

Mke wa mwanawe alikuwa ameisikia hesabu ikipita kumi, akaja mbio. Alimvuta bega, akauzamisha ule mkono kwenye beseni la maji. Kiganja kilikuwa chekundu, malengelenge yameshaanza kutuna, na Bi Kumi alikitazama kama kiganja cha mtu mwingine.

"Husikii moto?"

"Sisikii."

"Tangu lini, mama?"

"Mwezi wa tatu. Twende hospitali ukitaka, lakini keki kwanza. Unga ukikaa utalala. Kalete kile kipimajoto chako."

Binti akainamisha macho. "Sinacho. Nilimpa mwenzangu shuleni, wiki ile ile uliponicheka."

Bi Kumi alitaka kusema samahani, ikakwama. Binti hakuisubiri. Alikunja mkono wa nguo, akapiga magoti mbele ya tanuri na kutia mkono wake ndani.

"Moja, m..." Akauchomoa, machozi yakimtoka.

Hata mbili hakufika. Bi Kumi aliuangalia mkono wake mle kwenye beseni, na kwa mara ya kwanza akauogopa wenyewe.

"Punguza makaa ya juu," alisema. "Nusu. Acha mlango wazi kidogo. Haya, jaribu tena. Nitahesabu mimi."

Mara ya pili alifika sita. Wakapunguza tena. Mara ya tatu Bi Kumi alihesabu huku ameshikilia kitambaa cha kichwa, na kwenye kumi binti akautoa mkono mbio.

"Ingiza," alisema Bi Kumi.

Saa saba mdogo wake alishuka garini, akafunua keki, ya rangi ya asali, imeumuka sawasawa kila upande. Alipiga kigelegele hapo hapo barabarani.

"Dada, hujazeeka wewe! Hii keki hakuna mwingine wa kuioka!"

Bi Kumi alikuwa kizingitini, mkono umefungwa kitambaa chenye maji. Angeweza kutabasamu tu, yakapita.

"Kaoka mke wa mwanangu," alisema. "Mimi nilimhesabia."